Daktari aliniuliza kama nimewahi kuvuta bangi, nikamjibu hapana

Maswali ya wasomaji kuhusu afya ya akili. Anayejibu ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili, mkazi wa Tabora.

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 29, naishi Kigoma mjini. Naomba usilitaje jina langu. Tangu mvua za mwaka jana zilipoanza, usingizi umenipotea. Nalala saa nne usiku, saa nane naamka huku moyo unanidunda kana kwamba nimetoka kukimbizwa, kisha sipati tena usingizi hadi adhana ya alfajiri. Darasani nasahau nilichokuwa nafundisha. Mara mbili nimewaacha wanafunzi na zoezi ubaoni nikaenda kulia nyuma ya vyoo vya walimu, na hata sasa sijui nilikuwa nalia nini. Wenzangu wakicheka ofisini, nahisi wananicheka mimi.

Miezi miwili iliyopita nilijikaza nikaenda hospitali. Daktari alinisikiliza vizuri, na katikati ya mazungumzo akaniuliza kama nimewahi kutumia pombe, bangi au vidonge vya kulevya. Nikamjibu hapana. Mama, huo ulikuwa uongo. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yangu hayakuwa mazuri, nikaingia ziwani na wajomba zangu kuvua dagaa huko Katonga. Kuanzia miaka 17 hadi 24 nilivuta bangi karibu kila usiku wa giza tukiwa kazini, na siku za mbalamwezi, tunapokaa nchi kavu bila kazi, nilivuta zaidi. Mwaka wa mwisho nilisikia kwa wiki nzima mtu akiniita kwa jina langu kutoka majini, mchana kweupe, na wenzangu hawakumsikia. Bibi yangu alisema ni mizimu ya ziwa, nikafanyiwa dawa za kienyeji, nami nikaacha bangi kwa hofu. Nikarudia mitihani, nikasoma ualimu, na kwa miaka mitano sijaigusa tena.

Daktari alinipa amitriptilini ya miligramu 25 kila usiku, na nilivyorudi akaiongeza hadi 50. Usingizi umerudi kidogo, mengine yako palepale. Natakiwa kurudi baada ya wiki mbili, na alisema huenda akaniongezea dawa nyingine. Sasa najiuliza kama nimwambie ukweli. Naogopa kuripotiwa polisi, naogopa kufukuzwa kazi, naogopa daktari atasema "kumbe ni bangi" na kuacha kunitibu, na zaidi ya yote naogopa dada anayetoa mafaili pale dirishani, kwa sababu ni jirani wa mama yangu na wako kikundi kimoja cha vikoba. Mama hajui lolote kuhusu miaka ile. Nilitaka kusahau: mgongo ulioniumia tangu enzi za kuvuta nyavu ukinisumbua, hununua tramadoli mbili tatu duka la dawa, lakini hiyo ni dawa ya maumivu tu, nadhani haihusiani.

Mwalimu, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ninaanza na ile sentensi uliyotaka kuisahau, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimwombe mhariri akutumie ujumbe wa simu kabla hata toleo hili halijapelekwa kiwandani. Amitriptilini, ambayo ni dawa ya sonona, yaani huzuni kubwa isiyoisha, na tramadoli hazipaswi kukutana mwilini mwako bila daktari kujua. Kila moja kati ya hizo, kwa njia yake, huongeza kemikali ya ubongo inayoitwa serotonini, na kila moja hupunguza uwezo wa ubongo wa kujizuia usipate degedege. Zikiwa pamoja, hatari hiyo hukua, na hukua zaidi kila dozi ya mojawapo inapoongezwa, jambo ambalo daktari wako tayari amelifanya mara moja bila kujua upande wa pili. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kupata homa, moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa au kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo, na ukaseme majina ya dawa zote mbili.

Hiyo ina maana kwamba wiki mbili ni nyingi mno. Nenda wiki hii. Kama tramadoli huimezi kila siku, usinunue nyingine kabla ya kwenda, lakini amitriptilini usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani kuikatisha ghafla nako kuna usumbufu wake, na mwenye kupanga namna ya kuipunguza au kuibadilisha ni yule aliyekuandikia. Tena nakuomba uniwie radhi kwa swali ambalo huenda likakuudhi: hizo "mbili tatu" ni kwa mwezi, kwa wiki, au kwa siku? Kama ni mara mojamoja, ni jambo la kusema na kumaliza. Kama ni kila siku, au karibu kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani, na daktari anatakiwa kuisikia idadi kamili, kwa sababu tramadoli, ingawa inauzwa dukani kama dawa ya mgongo, ni ya ukoo mmoja na mofini na heroini, japo ni dhaifu kuliko hizo, na mwili ulioizoea ukiikosa huingia kwenye arosto kama ya unga: wasiwasi, jasho, maumivu ya viungo, kukosa usingizi, moyo kudunda. Rudia kusoma aya ya kwanza ya barua yako uone ni mangapi kati ya hayo uliyaandika mwenyewe. Sisemi kwamba ndiyo chanzo. Nasema kwamba daktari hawezi kulipima jambo asilolijua.

Sasa nije kwenye bangi. Watu wengi hudhani daktari wa akili anauliza habari za vilevi ili ajue tabia ya mgonjwa. Anachokitafuta hasa ni mfuatano wa mambo, yaani kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Sonona iliyoanza wakati mtu anakunywa gongo kila siku hutibiwa tofauti na sonona iliyoanza kwanza, kisha mtu akakimbilia gongo ili alale. Sauti zinazosikika wakati wa kuvuta bangi na kutoweka ndani ya wiki chache baada ya kuacha zina maana moja. Sauti zinazoendelea mwezi mzima na zaidi baada ya kuacha zina maana nyingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso ambalo mhudumu humuuliza mgonjwa wa aina yoyote, mzee kwa kijana, kuhusu tumbaku, pombe, bangi, vidonge vya usingizi, dawa za jamii ya heroini na vinginevyo, likianza na maisha yote kisha miezi mitatu iliyopita. Swali alilokuuliza daktari halikutokana na kukutazama usoni akakushuku.

Bangi yenyewe haiko tena mwilini mwako. Kwa mtu aliyevuta sana, kipimo cha mkojo kinaweza kuionyesha kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo baada ya kuacha, wala si miaka mitano. Kwa hiyo ukiniuliza kama bangi ya Katonga ndiyo inayokuamsha saa nane usiku leo, nitakujibu kwamba moja kwa moja sioni ikiwezekana. Lakini wiki ile ya sauti kutoka majini ni jambo kubwa kuliko bangi yenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Inajulikana kwamba kuvuta bangi kwa wingi, tena kuanzia ujanani, huongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa wa kusikia na kuamini mambo yasiyokuwapo, na kwamba sehemu isiyo ndogo ya watu waliowahi kusikia sauti wakiwa wanavuta hupata ugonjwa wa namna hiyo baadaye, hata wakiwa wameacha. Si wote, na huenda wewe usiwe mmoja wao. Hata hivyo mtu mwenye historia hiyo, ambaye leo anahisi wenzake ofisini wanamcheka, anatakiwa kuulizwa maswali ambayo daktari wako hakuyauliza, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuyauliza. Ulipoificha bangi, ulilazimika kuificha na sauti, maana huwezi kusimulia moja bila nyingine. Nami ningependa zaidi azijue sauti, hata kama bangi ungeisahau kabisa.

Kuhusu bibi yako, sitamsema vibaya, na wewe usimsahihishe. Mwambie daktari na hilo pia, kwamba ulifanyiwa dawa, na kama ulikunywa kitu, kilikuwa nini.

Hofu ya polisi naielewa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaikataza bangi na sitakuficha hilo, lakini kuitekeleza sheria hiyo ni kazi ya vyombo vingine, na anayekupima shinikizo la damu yupo kwa ajili ya tiba. Tangu mwaka 2011, tena kuanzia Hospitali ya Taifa Muhimbili, Serikali yenyewe imekuwa ikiwapa methadoni, dawa inayotumika badala ya heroini, watu waliokuwa wakitumia heroini, na watu hao hufika kliniki siku baada ya siku, wanasema walichokuwa wakitumia na kwa miaka mingapi, wanakunywa dawa yao mbele ya muuguzi na kurudi makwao. Huduma kama hiyo isingesimama hata mwezi mmoja kama kila anayesema ukweli angetiwa pingu mlangoni. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona mgonjwa aliyepelekwa kituoni kwa sababu alimwambia tabibu kwamba aliwahi kuvuta.

Siri ya mgonjwa ina mipaka, na ni haki yako kuijua kabla hujafungua kinywa. Daktari anaweza kulazimika kuzungumza na wengine iwapo unakusudia kujiua au kumdhuru mtu, au iwapo mahakama imeamuru. Pia wanaokutibu pamoja naye watasoma alichoandika. Nje ya hapo, yale uliyomwambia ni yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mwajiri wako hastahili kuletewa habari za ujana wako. Ukihitaji karatasi ya kupeleka kwa mwalimu mkuu kwa sababu ya siku ulizokosa, mwombe daktari aandike tu kwamba uko kwenye matibabu na idadi ya siku za kupumzika.

Hofu niliyoipa uzito kuliko zote ni ya yule dada wa dirishani, kwa sababu hiyo ni ya kweli, na sitakuambia kwamba watumishi wote wa afya wana midomo mizito. Niliwahi kuwasikia wenzangu wakimtaja mgonjwa kwenye daladala, nikashuka kituo kisichokuwa changu kwa aibu. Basi fanya hivi. Unapoingia chumbani, kabla ya lolote, mwambie daktari: "Kuna jambo la zamani nataka kukueleza, lakini mmoja wa watumishi wa hapa ananifahamu na anaifahamu familia yangu. Naomba kujua utaliandika wapi, na nani atalisoma." Tabibu anayejua kazi yake hatachukia swali hilo. Anaweza kuandika kwa maneno ya kitabibu, anaweza kulihifadhi faili mwenyewe, na kama wanatumia mfumo wa kompyuta anaweza kukueleza nani ana ruhusa ya kufungua ukurasa wako. Wala usilisahau daftari. Katika vituo vyetu vingi mgonjwa hununua daftari la shule, huandikiwa humo, kisha hurudi nalo nyumbani na kulitia chini ya godoro au juu ya kabati, na nimewafahamu wagonjwa wengi zaidi ambao siri zao zilivuja kwa daftari lililosomwa na mdogo wake mtu kuliko waliosemwa na muuguzi. Kama unaishi na mama yako, amua leo daftari hilo litakaa wapi. Na ikiwa hali ya hospitali hiyo inakufanya usiweze kusema kabisa, si dhambi kuhama. Omba barua ya rufaa, au nenda mwenyewe kwenye hospitali nyingine ambako hakuna anayekujua.

Ile hofu ya tatu, kwamba atasema "kumbe ni bangi" na kuacha kufikiri, nayo haikutoka hewani. Wapo wanaofanya hivyo. Akisikia bangi tu, kila kitu kinaitwa bangi, hata malaria. Dawa ya hilo ni tarehe. Usiseme "zamani nilikuwa navuta", maana hiyo ni kauli inayoweza kubebeshwa maana yoyote. Chukua karatasi jioni moja, uandike umri ulioanza, umri ulioacha, mara ngapi kwa wiki, wiki ya sauti ilikuwa mwaka gani na mwezi gani, iliisha siku ngapi baada ya kuacha, kisha miaka mitupu bila bangi, kisha mvua za mwaka jana usingizi ukakatika. Chini yake andika tramadoli, miligramu zilizoandikwa kwenye pakiti, idadi, na mara ya mwisho uliyomeza. Mpe karatasi hiyo mkononi, kama sauti itakukwama. Halafu muulize: "Kwa kuwa niliacha miaka kadhaa kabla ya dalili hizi, unaona bangi inahusika kwa kiasi gani?" Mbele ya swali hilo na tarehe zile ni vigumu sana kwa mtu kujibu kwa mazoea.

Kusema kwamba ulimdanganya mara ya kwanza pia kunahitaji sentensi moja tu: "Ulivyoniuliza mara ile niliogopa, sikusema kweli." Usiombe radhi kwa nusu saa. Sisi tulio upande wa pili wa meza tunajua kwamba jibu la kwanza mara nyingi si kamili, na sehemu ya kosa hilo ni yetu, jambo ambalo nilijifunza kwa njia iliyoniumiza.

Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulimlaza mkulima mmoja wa makamo kwa huzuni kubwa na kukataa chakula. Mimi ndiye niliyemuuliza habari za pombe. Nilimuuliza wodini, amekaa ukingoni mwa kitanda, shemeji yake amesimama pembeni ameshika kikapu, na vitanda viwili vya jirani vina watu waliokuwa macho. Akatikisa kichwa. Nikaandika "hatumii". Kesho yake asubuhi mikono yake ilitetemeka hata uji ukamwagika kwenye shuka, tukadhani ni malaria, tukampima, na usiku ule akapata degedege mbele ya macho yangu. Dada yake ndiye aliyenivuta hadi kwenye korido akaninong'oneza kwamba kaka yake hunywa gongo tangu alfajiri, kila siku, kwa miaka, na kwamba nyumbani walikubaliana wasiseme kwa sababu ya shemeji, ambaye ni mtu wa kanisa. Mtu aliyezoea pombe kali akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na baadaye kuchanganyikiwa kwa namna inayoweza kumuua, ilhali dawa zake zipo: diazepamu iliyopangwa vizuri pamoja na vitamini B1. Tulimpa, akapona. Lakini tulipoteza siku nzima, na siku ile iliibiwa na swali langu lililoulizwa mbele za watu. Kwa hiyo daktari akikuuliza mambo haya mlango ukiwa wazi au mtu mwingine akiwa chumbani, mwambie: "Naomba tuzungumze tukiwa wawili." Mgonjwa angeniambia hivyo enzi za ujana wangu, ningelishukuru.

Mama yako hapaswi kuambiwa na mtu mwingine yeyote. Kama utamwambia mwenyewe siku moja, ni kati yenu wawili, na halihusiani na matibabu ya wiki hii.

SWALI

Shikamoo Mama. Kaka yangu, mwenye miaka 32, anatibiwa ugonjwa wa akili na anakunywa olanzapini. Ilimsaidia sana, akarudi shambani. Kliniki walipomuuliza, tulisema sote kwamba ameacha sigara na bangi, wakati kwa kweli alikuwa anamaliza pakiti ya sigara kwa siku, na bangi mwisho wa wiki. Sasa ameokoka, na tangu Jumapili moja baada ya mauzo ya tumbaku ameacha vyote kweli. Tulifurahi, lakini hii ni wiki ya tatu analala hadi mchana, mate yanalowesha mto, anatembea kama mtu aliyebeba gunia. Mama anataka tuzigawe tembe nusu. Tukisema kliniki, si wataona sisi ni waongo?

Dada mtu, Sikonge

JIBU

Marahaba, binti yangu. Mlisema ameacha wakati anavuta, na sasa ameacha kweli dawa imemlemea, na mambo hayo mawili yana uhusiano mkubwa. Moshi wa tumbaku, na wa bangi pia, una kemikali zinazoliamsha ini liichakate olanzapini haraka na kuitoa mwilini. Ni moshi unaofanya hivyo, siyo nikotini. Dozi ya kaka yako ilipandishwa hadi ikamtosha akiwa mvutaji, ingawa waliompangia hawakulijua hilo. Alipoacha, ini lilitulia katika muda wa siku chache, na tembe zilezile za jana zikawa nyingi kuliko mwili unavyozihitaji. Usingizi ule na mate yale yanaendana kabisa na hilo. Kwa wanaotumia klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa wa akili, jambo hili ni zito zaidi, na wasiache sigara bila kliniki kujua siku ile ile.

Nielewavyo mimi, kosa hapa si la familia yenu peke yake. Katika mkoa wetu tumbaku ni ada ya shule na ni bati la nyumba, na mtu akiulizwa habari za dawa za kulevya hawazi sigara hata kidogo. Tulipaswa kuuliza sigara kwa jina lake, na idadi yake.

Msizigawe tembe. Mama ana nia njema, lakini dozi ikishushwa mno kwa kubahatisha ugonjwa unaweza kurudi wakati wa palizi, hakuna wa kumshika. Nendeni kliniki ndani ya siku chache zijazo, mchukue na pakiti ya dawa. Mwacheni kaka yako azungumze mwenyewe kwanza, kwa sababu mwili ni wake na kuacha ni ushindi wake. Wewe uwe pale kumkumbusha tarehe ya ile Jumapili na idadi ya sigara alizokuwa akivuta kwa siku. Kama kabla ya hapo mtashindwa kumwamsha, au atapumua kwa shida, au atapata homa na kukakamaa mwili, mpelekeni hospitali mara moja. Nanyi mkishapangiwa dozi mpya, kisha siku moja akarudia kuvuta, hata kama ni sigara tatu nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, semeni hilo nalo kliniki inayofuata, kwa sababu dawa itaanza kupungua mwilini na sauti zinaweza kurudi kabla hamjajua kwa nini.